Wingu Bado Bichi

Mtu akikuambia rangi ya mafuta inakauka kesho, mwulize kesho ya lini. Ile ya maji, ya ukutani, ndiyo inakauka upesi. Ukiipaka asubuhi, mchana unaegemea. Rangi ya mafuta ina kiburi chake. Ukiipaka nyembamba itakuweka siku kadhaa, ukiipaka nene wiki inapita na bado inakushika kidole. Ndiyo maana katika vile vyumba viwili vya ghorofa ya nne hapakuwa na mahali pa kuweka hata sahani. Juu ya kabati kulikuwa na mbingu. Juu ya friji mbovu, ambayo fundi aliahidi kuitengeneza tangu waoane, mbingu. Chini ya kitanda mbingu tatu, zimelazwa chali, na ole wake atakayefagia kwa pupa.

Mwenye mbingu hizo alikuwa mke wa fundi friji, mshona mapazia kwa kazi yake, na jengo zima lilimwita Mama Mawingu. Wala hawakumwita hivyo kwa kumpenda. Kila cherehani iliponyamaza alipanda paani na kisanduku chake cha rangi, akauegemeza ubao kwenye tangi la maji, akachora hewa ilivyo saa hiyo. Mbao alizipata kwa mumewe, za masanduku yanayoletewa vipuri, akazipaka nyeupe ya ukutani kwanza ili zisinywe mafuta. Hakuchora nyumba, wala mti, wala ndege. Mbingu tu: ya asubuhi yenye ukungu, ya mchana inayochoma, ya jioni inayojishauri kama inyeshe au iache.

Watu walishindwa kuelewa. "Tyubu moja ya rangi nyeupe ni bei ya kilo mbili za sukari," alisema mpiga pasi wa ghorofa ya tatu, mama aliyefua na kunyoosha nguo za jengo zima na kwa hiyo alijua siri za jengo zima. "Halafu hiyo rangi anachorea wingu. Wingu, jamani! Kitu kiko bure hapo nje, unainua shingo tu."

Wangemwacha na wazimu wake kama si shuka. Shuka jeupe la mke wa Mwenyekiti lilianikwa paani, likashuka na doa la buluu, dogo kama ukucha. Mwenyekiti huyo alikuwa mstaafu mmoja ambaye mwenye jengo, aishiye mbali, alimwachia kupokea kodi na kuamua nani akae na nani atoke. Akaitisha mkutano wa wapangaji Jumamosi jioni. Ajenda ilikuwa moja: Mama Mawingu aache uchoraji wake, au fundi friji atafute pengine pa kulaza mama yake, mke na watoto.

Jumamosi hiyohiyo alasiri, wingu likainuka upande wa barabara kuu. Lilikuwa jeusi chini, na ukingo wake wa juu uling'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Ungekuwa wewe ungekaa ndani ukapanga maneno ya kujitetea. Mama Mawingu alipanda ngazi mbilimbili.

Alianza na ule ukingo mweupe, maana ndio unaoondoka kwanza. Kijivu hakukitafuta kwenye rangi nyeusi. Alichanganya buluu na rangi ya udongo mpaka vikapatana, akakitandaza kwa kisu, kinene. Hakurudi nyuma kurekebisha. Wingu likishabadilika limekwenda, na ukilikimbiza utabaki na ubao wenye mvua na jua kwa pamoja, yaani uongo mtupu.

"We mkamwana!" Sauti ya mama mkwe ilifika paani kabla yake. "Mkutano ni jioni hii, na wewe uko hukuhuku unakofukuziwa?"

"Nashuka, mama. Bado kidogo."

"Bado kidogo yako naijua. Juzi iliunguza sufuria."

"Hebu angalia lile jeupe, mama. Angalia linavyoingia ndani ya jeusi."

Mama mkwe akaangalia, maana shingo haina adabu. Akaangalia zaidi ya alivyokusudia, kisha akajikumbuka. "Nimekuja kukuita, sikuja kuangalia. Leo nitakusemea mimi. Wewe kazi yako ni kunyamaza. Umesikia?"

"Utasema nini?"

"Nitasema wanachosema watu wasio na pa kwenda," akajibu, akashuka kwenda kuvaa.

Matone ya kwanza yalipoanguka, Mama Mawingu aliubeba ubao kwa ncha za vidole, akashuka mbio, akauegemeza mahali pa kwanza alipopaona, kwenye kiegemeo cha kiti cha mezani, akarudi juu kuokoa brashi na kisanduku. Mama mkwe akatoka chumbani na gauni lake la shughuli, lile la rangi ya maziwa, alilovaa siku mwanawe anaoa na hakulirudia zaidi ya mara mbili tatu. Akaketi kwenye kiti hicho kuvaa viatu. Kiatu cha kushoto kilikuwa kigumu, akainua mguu, akaegemea nyuma kwa nguvu zake zote mpaka kikaingia. Kisha akasimama, akachukua mkoba, akatangulia mkutanoni ili awahi kiti cha mbele.

Walikutana chini, kwenye banda la magari, mvua ikigonga mabati. Mama mkwe aliketi mbele wima kama mlingoti, maana gauni la shughuli haliegemezwi. Fundi friji alikaa pembeni na ovaroli yake ya kazini. Mkewe alifika wa mwisho, mikono inanuka tapentaini, akasimama nyuma kabisa.

"Ndugu wapangaji," alianza Mwenyekiti, shati limenyooshwa mistari, "mimi sina ugomvi na mtu." Ukimsikia mtu anaanza hivyo, shika vitu vyako. Akasema habari ya shuka. Akasema habari ya harufu. Akasema wageni wake juzi walipofika getini waliambiwa, "Ah, kwenye jengo la yule mchora mawingu!" Jengo ambalo yeye amelitunza miaka yote, leo linajulikana kwa mawingu! Hilo ndilo lililomuuma, ukitaka kujua, kuliko shuka.

Mama mkwe akainuka. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi ni mama wa fundi. Naomba niseme kwa niaba ya nyumba yangu." Nyuma yake mtu akakohoa. "Mkwe wangu ameacha. Tangu lile shuka, hajagusa rangi." Sasa watu walikuwa wanagongana viwiko. Mama mkwe alidhani hawamwamini, akapaza sauti. "Mimi naishi naye, naona kwa macho yangu! Ndani ya nyumba ile hakuna tena wingu, hata la dawa!"

Banda zima likaangua kicheko. Mgongoni mwake, kutoka bega hadi kiuno, wingu la alasiri lilikuwa limeganda zimazima, limegeuka kulia kushoto, ukingo mweupe juu, weusi chini, na mvua yake ya mshazari. "Kikulacho ki nguoni mwako, bibi!" alipiga kelele mpiga pasi, akifuta machozi ya kicheko.

Mama mkwe aligeuka huku na huku kama mtu aliyeitwa na hajui na nani. Akapapasa mgongo, akatazama kiganja, akaona kijivu. Akakishika kiti, akaanza kujishusha ili aegemee. Na hapo, kutoka nyuma, mkamwana wake akapiga ukelele.

"Mama, usiegemee! Utaliharibu!"

"Mwache akae, mwenzangu," mtu akamjibu. "Gauni limeshaharibika."

"Si gauni!" akasema Mama Mawingu. "Wingu!"

Lilimtoka tu. Alitamani alidake hewani, lakini neno si mpira. Waliocheka mara ya kwanza walicheka upya, na wasiocheka safari hii walicheka. Mama mkwe hakucheka wala hakulia. Alichukua mkoba wake, akapita katikati ya watu na mgongo wake ule, akapanda ngazi.

"Kesho asubuhi," alisema Mwenyekiti kicheko kilipotulia, "nitataka jibu."

Nyumbani mama mkwe alibadilisha nguo, akalitundika gauni kwenye msumari, mgongo ukitazama nje. Ndipo aliposema.

"Kicheko hakijaniuma. Watu hucheka hata msibani. Wewe ndiye umeniuma. Nilisimama pale naongopa kwa ajili yako, mimi, mtu mzima na mvi zangu. Ukaniona nimeumbuka. Na ulichokionea huruma ni wingu."

Mkamwana alipiga magoti. "Nisamehe, mama. Kosa langu. Ubao niliuweka mimi, na neno nililisema mimi. Gauni nitakushonea jingine kwa mkono huu."

"Sitaki gauni."

"Basi imetosha," alisema fundi friji. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, hana pa kukaa kwa sababu ya mbao. "Kesho unampa Mwenyekiti hilo sanduku, yaishe. Unajua wateja wananiambiaje? 'Fundi, mwambie mkeo atuchoree baridi, tusihangaike tena na friji zako.' Nacheka nao. Kila siku nacheka nao! Leo wamemcheka mama yangu."

"Samahani nitaomba mpaka mtakapochoka," alijibu mkewe, bado kapiga magoti. "Kuacha, siachi."

"Unachagua vibao kuliko nyumba?"

"Nimeambiwa niache, nimejibu. Sikiliza, baba watoto. Mimi nashona mapazia kutwa. Unajua pazia ni nini? Ni kitambaa cha kumzuia mtu asione nje. Toka asubuhi mpaka jioni nawazibia watu mbingu, na mkate wetu unatoka humo, sikatai. Lakini ile nusu saa ya kuitazama mimi mwenyewe, simpi mtu. Simpi Mwenyekiti, na wewe usiniombe."

Fundi friji akatoka kwenda kusimama kwenye ngazi.

Mama mkwe alichukua chupa ya mafuta ya taa na kitambaa kikuukuu. Rangi ya mafuta hutoka kwa mafuta ya taa ikiwa mbichi. Alijua, kwani mara ngapi amesugua vitasa vya nyumba ile? Akavuta kigoda, akaketi mbele ya gauni. Akalowesha kitambaa. Akakipeleka kwenye ule ukingo mweupe, mahali unapoingia ndani ya jeusi, mkono ukasita. Akakaa pale kitambo, kitambaa kikimdondokea magotini. Kisha akakifunga kizibo cha chupa, akaenda kulala bila kumuaga mtu.

Asubuhi Mwenyekiti hakungoja washuke. Alibisha hodi na kuingia kwa pamoja, akasimama sebuleni akichunga shati lake lisiguse kitu.

"Nimekuja kwa wema," alisema. Mama Mawingu alikuwa kwenye cherehani, akamjibu salamu na kuendelea kukanyaga. Mumewe akamtafutia mgeni kiti, akakipangusa mara mbili. "Watu wanakusanyika uani. Shemeji atashuka na sanduku la rangi, na hivi vibao vyote. Vitachomwa hapohapo, kila mtu aone, aahidi, tufunge ukurasa. Ni rahisi tu."

"Vyote?" aliuliza fundi friji.

"Vyote. Hewa iingie humu." Kisha macho yake yakaangukia gauni ukutani, akashindwa kujizuia, akacheka. "Na hilo gauni, bibi, usilitupe. Linafaa kudekia ngazi."

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mwenyekiti angechukua jembe asubuhi ile, hadithi hii ingeisha vingine. Mama mkwe, ambaye tangu jana hakuwa amemsemesha mkamwana wake hata neno, aliweka kikombe chini taratibu.

"Unasemaje?"

"Natania, bibi. Najua huyu mkweo amekutia aibu. Hana akili timamu, tumeshaona wote."

"Mkwe wangu nitamsema mimi," alisema mama mkwe. "Tena nitamsema mpaka masikio yamdondoke. Wewe unamsema kwa kazi gani? Ulimposa? Ulimtolea mahari? Usiku mtoto akiugua wewe ndiye unayeamka naye?"

"Bibi, mimi ni Mwenyekiti wa..."

"Na gauni hilo mwanangu alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza. Likadekie ngazi zako! Ala!" Alikwenda mlangoni, akaufungua wote. "Kawangoje uani. Atashuka."

Mwenyekiti aliondoka akiwa na hakika ameshinda, maana alisikia hilo la mwisho tu. Cherehani ilikuwa imenyamaza. Mama Mawingu alimtazama mama mkwe, macho yamejaa.

"Na wewe usinitazame hivyo," alisema mama mkwe. "Sijakusamehe."

Uani watu walikuwa wamejaa, maana tamasha la bure ni ugomvi wa jirani. Mtu alikuwa tayari na kiberiti. Mbingu ilikuwa imevimba tangu alfajiri, na sasa upande wa barabara kuu wingu lenye ukingo mweupe likaanza kupanda ngazi zake.

Mama Mawingu alishuka na kisanduku kwapani. "Safi," walisema watu. Akaja mpaka katikati ya uwanja. Akatazama juu. Akavuta kreti tupu la soda, akaweka juu yake ubao mmoja mpya, mweupe, ambao haujaguswa, akauegemeza kwenye nguzo ya kamba za nguo. Akafungua kisanduku, akaminya rangi nyeupe, akaanza kuchora.

Mwanzoni hakuna aliyeelewa. Mpiga pasi ndiye aliyetangulia. "Lo! Anachora! Huyu anachora!"

"Shemeji," Mwenyekiti aliita kwa sauti ya kumbembeleza kichaa. "Tunangoja."

"Ngojeni," alijibu bila kugeuka. "Paa mnaweza kulifunga. Leo nitachora hapa, na kesho hapa, kila mtu dirishani kwake anione. Mwenye shuka alianike mbali."

Watu waliguna. Mwenyekiti akamgeukia fundi friji, aliyesimama mlangoni. "Bwana, huyu ni mkeo au si mkeo? Mzuie!"

Fundi friji hakupata nafasi ya kujibu, kwa sababu nyuma yake mama yake alikuwa anasema, "Nipishe."

Alikuwa amelivaa. Lile lile la rangi ya maziwa, na wingu la jana mgongoni, na viatu vya kubana, na mkoba. Hakupita kandokando. Alipita mbele ya kila mtu, polepole, kisha akageuka ili na waliokuwa upande wa pili nao waone. Baadhi walianza kucheka, lakini kicheko kinataka mtu anayejificha, na huyu hakujificha. Kikafia njiani. Mpiga pasi aliinamisha uso akajifanya anafunga lubega. Mama mkwe akafika kwa mkamwana wake, akamweka mwanamke yule na ubao wake mbele, akawapa wapangaji wote mgongo.

"Mwenye neno," alisema, "aliambie hili gauni."

Hakuna aliyeliambia gauni kitu. Matone yakaanza, makubwa, ya kuhesabika. Watu wakakimbilia chini ya banda, na mwenye kiberiti akakitia mfukoni kisilowe. Tone moja likaanguka kwenye ubao, likatoboa rangi. Mama Mawingu aliendelea. Tone la pili halikufika. Fundi friji alikuwa amekuja na mwamvuli, amesimama na ovaroli yake mbele ya jengo zima, mbele ya wateja wake nusu, ameufunika ubao. Aliufunika ubao tu. Mkewe na mama yake wakalowa, na yeye akalowa. Mkewe alimtazama mara moja, akarudi kwenye kazi.

"Mwisho wa mwezi mtahama!" Mwenyekiti alipiga kelele kutoka bandani. "Mnasikia? Mtahama!"

Na walihama, sitaki kukudanganya. Walipata vyumba vidogo kuliko vile, kodi juu zaidi, na baadhi ya wateja wa mapazia hawakuwafuata huko. Lakini hayo ni ya mwisho wa mwezi. Asubuhi ile mama mkwe hakugeuka hata shingo. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye mvi, yanapita juu ya wingu la mgongoni na kuteleza, maana rangi ya mafuta haishiki maji.

"Tutahama," alisema. "Kwani huko tuendako hakuna mbingu?"

Kisha akamwambia mkamwana wake aharakishe, maana lile jeupe lilikuwa linaondoka.